Pima Tisa za Mzee Telesphori

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mzee Telesphori Nkwabi ni mikono ya shati lake. Iliishia vidole vinne tu chini ya kiwiko. Baadaye niligundua kwamba mashati yake yote yalikuwa hivyo, hata lile la kuendea misa, kwa sababu washona mashati wa taifa letu walishona kwa ajili ya binadamu, na kwa maoni yao binadamu hana mikono ya namna ile. Aliposimama wima, vidole vyake vilikaribia kugusa magoti.

Ilikuwa Februari 1977. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu nikiwa na cheti kipya, sanduku la bati na imani kwamba kijiji kilikuwa kikinisubiri mimi ndipo kianze kuendelea. Lori la misheni lilinishusha mbele ya nyumba yake, mwendo wa sigara sita kutoka Ushirombo. Hivyo ndivyo umbali ulivyopimwa kule: mvutaji akiwasha sigara moja baada ya nyingine huku anatembea, ya sita ikiisha amefika. Nilipouliza ni kilomita ngapi, niliambiwa inategemea aina ya sigara.

"Shikamoo, Mzee," nilisema.

"Marahaba." Alinitazama toka utosini hadi viatuni, kisha akamgeukia mkewe, Mama Paskazia. "Mikono mitatu na vidole vitatu."

"Basi kitanda cha Clemens kitamtosha," Mama Paskazia akajibu, akachukua sanduku langu.

Kitanda kilinitosha barabara. Clemens, mtoto wao mkubwa, alikuwa ameoa na kuhamia Tinde, na hakukihitaji tena.

Kwa hiyo nilikaa nyumbani kwa kipimo cha kijiji. Sisemi hivyo kwa utani. Miji mingine ina fimbo za chuma zilizopigwa chapa na kufungiwa kabatini. Sisi tulikuwa na Mzee Telesphori, aliyekula ugali, aliyeugua mafua kila kipupwe, na ambaye hakuwahi kufungiwa popote.

Ujana wake aliumalizia chini ya ardhi, katika mgodi wa dhahabu wa Geita, akipima nguzo za kuzuia mwamba. Huko ndiko alikokutana na futi.

"Nikamuuliza nyapara," alinisimulia jioni moja, "hii futi ni mguu wa nani? Akasema ni mguu wa mfalme wao. Nikamuuliza mfalme gani? Akasema alikwishakufa zamani. Nikaendelea na nguzo zangu, ng'wanone." Hilo ni neno la Kisukuma, maana yake mwanangu. Alilitumia kila aliponihurumia, yaani mara kwa mara. "Lakini nikawaza: watu hawa wanapima dhahabu kwa mguu wa marehemu, na hawaoni haya. Mimi nikipima kwa mkono wangu mwenyewe, ulio hai, naitwa mshenzi."

Mgodi ulipofungwa mwaka 1966 alirudi nyumbani na kofia ya chuma, kikohozi, na ufundi wa kuchimba shimo lisiloua mtu. Akawa mchimbaji wa visima. Hata hivyo kilichompa heshima ni mikono yake.

Dukani kwa Januari, duka pekee la kijiji, kitambaa kiliuzwa kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Desturi ilikuwa kwamba mnunuzi ana haki ya kuja na mkono wake. Mwanamke mwenye akili hakwenda kununua marekani ya kushonea shuka bila kwanza kupita kwa Mzee Telesphori, kumsalimia kwa unyenyekevu, na kumwomba waongozane. Januari, mtu mfupi aliyejaliwa mikono ya kitoto na biashara kubwa, kila alipomwona akija alianza kuugua.

"Mzee, leo mkono wa duka upo, ni huu hapa," alikuwa akisema, akiunyoosha wake.

"Huo ni mkono?" wanawake walimjibu. "Huo tulidhani ni kijiko."

Mambo yakawa hivyo hadi serikali ilipoleta mita. Januari aliipokea kama mkombozi. Alipigilia fimbo ya chuma ya mita moja mezani pake kwa misumari sita, akaisugua kwa majivu kila asubuhi, akaanza kuzungumzia maendeleo. Wanawake hawakubishana na serikali. Walimleta Mzee Telesphori akalaza mkono wake juu ya fimbo mara mbili, akatangaza kwamba mita ni mikono miwili kasoro vidole vitatu. Toka siku hiyo kila mteja alidai vidole vyake vitatu, na Januari akarudi kuugua.

Mwaka 1974, watu walipohamishiwa katika vijiji vya kudumu, ilibidi mashamba yagawiwe upya, ekari moja kwa kila nyumba. Ekari, kama kila Mtanzania ajuavyo, ni hatua sabini kwa hatua sabini. Hakuna aliyeona haja ya kusema hatua za nani. Upande wa mashariki wa barabara ulipimwa na Mageni, katibu wa kijiji, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni na hatua za njiwa. Upande wa magharibi ulipimwa na Mzee Telesphori, ambaye miguu yake ilikuwa ya ukoo mmoja na mikono. Pande zote mbili zilipewa ekari zilezile na zikaandikwa hivyo daftarini. Ajabu ya ardhi ya magharibi ni kwamba ilitoa pamba zaidi kwa ekari. Bwana shamba wa wilaya alisifu rutuba yake mara mbili.

Mageni, ambaye kwa bahati mbaya aliishi mashariki, alilibeba jambo hilo moyoni kama jipu.

Nilipofika mimi, kisima cha kijiji kilikuwa kimekwisha kuchimbwa. Mzee Telesphori alikuwa amekichimba kwa miezi minne, wanakijiji wakivuta udongo kwa ndoo. Alipofika penye mwamba na maji, alishusha kamba ya katani hadi chini, akaivuta juu, akaipima kwa pima zake, mikono ikiwa imetandazwa toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, na kila pima akafunga fundo. Pima tisa kamili. Wilaya iliahidi pampu ya mkono, mabomba na fundi wa kuvifunga. Ilichotaka ni fomu tu.

Fomu ilikuja mwezi Machi, ikauliza: KINA CHA KISIMA (MITA). Mageni aliigeuza mara mbili, akaniletea.

"Mwalimu, wewe ndiye mwenye hisabati."

Nani angekataa? Nilikuwa na kitabu changu cha chuoni, na kitabu kilisema wazi: pima moja ni futi sita, na futi sita ni mita moja na sentimita themanini na tatu. Nilimwita Mzee Telesphori aliyekuwa akinoa jembe uani.

"Mzee, kisima kina pima ngapi?"

"Tisa."

Nikazidisha. Mita 16 na sentimita 47. Niliiandika kwa wino wa bluu, nikapiga mstari chini kwa rula, na nakiri kwamba niliitazama kwa muda nikiipenda. Mageni akapiga muhuri. Wilaya ikaacha nusu mita ya chini kwa ajili ya matope, ikaleta mabomba ya mita kumi na sita.

Kisima kilifunguliwa mwezi Aprili, mvua ikinyesha. Fundi wa wilaya, kijana mcheshi aitwaye Otmar, alishusha mabomba na kufunga pampu. Mdomo wa kisima ukazibwa kwa zege, nalo zege likaandikwa tarehe na jina la mgeni wa heshima. Katikati kikaachwa kitundu cha ukaguzi, kipana kiasi cha kupitisha kikombe cha chai lakini si ndoo. Mgeni wa heshima alisukuma mpini mara mbili, maji yakaruka, wanawake wakapiga vigelegele. Kisha akahutubia kwa saa moja na nusu juu ya maji hayo, huku mvua ikimlowesha kwa maji mengine.

Mzee Telesphori alisimama nyuma kabisa. Hotuba haikumtaja. Ila Mama Paskazia aliniminya kiwiko. "Unamwona? Anahesabu mafundo ya kamba kichwani. Hajalala usingizi mzuri toka aanze kuchimba. Leo atalala."

Alilala hadi Agosti.

Mwezi huo kiangazi kilikuwa kimekomaa, na asubuhi moja Zipora, jirani yetu wa mashariki ya barabara, alisukuma mpini wa pampu na pampu ikakohoa. Alisukuma tena. Ikakohoa kama mzee mwenye pumu, ikatoa upepo. Hadi saa tatu kulikuwa na ndoo arobaini kwenye mstari na hakuna tone. Hadi adhuhuri wanawake walikuwa njiani kwenda kwenye lambo la zamani, mwendo wa sigara nne, kuteka pamoja na ng'ombe.

Mtu mmoja alipendekeza livunjwe zege ili watu wateke kwa ndoo kama walivyokuwa wakiteka toka enzi za mababu. Mageni alishtuka kama aliyesikia matusi kanisani.

"Zege lina jina la mgeni wa heshima! Mnataka tuvunje jina la mgeni wa heshima?"

Kwa hiyo jina likabaki salama, na watu wakabaki na kiu.

Mkosaji alitafutwa na kupatikana kabla ya machweo. Mabomba yalikuwa ya kiwanda, fomu ilikuwa na muhuri, pampu ilikuwa ya nchi za nje. Kilichobaki ni mkono wa Mzee Telesphori.

"Umesinyaa," walisema. "Mkono wa mtu husinyaa akizeeka, kama muhogo uliosahauliwa juani."

Zipora alimpigia kelele toka ng'ambo ya barabara akiwa na ndoo kichwani: "Baba Clemens! Hizo pima tisa ulipima ukiwa umelala au umekaa?"

"Mama, nilipima nikiwa na njaa," alijibu. Watu wakacheka, lakini yeye aliingia ndani na hakutoka tena siku ile.

Juma lile hakuna mwanamke aliyekuja kumwomba waongozane dukani. Januari alipona kabisa. Alianza hata kuimba. Kisha Mageni akaitisha mkutano, na pale jipu lake likapasuka.

"Ndugu zangu," alisema, "mkono uliodanganya kisimani, je, mguu wake ulisema kweli mashambani? Napendekeza ekari zote za magharibi zipimwe upya."

"Kwa hatua za nani?" aliuliza mtu wa magharibi.

"Kwa hatua za serikali," alisema Mageni, akitazama viatu vyake.

Mzee Telesphori alisikiliza yote akiwa amekumbatia magoti, mikono ile imemzunguka mara moja na robo. Nilikuwa karibu naye. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mashamba si yangu, Mwalimu. Wachukue. Lakini nimepima makaburi ya watu hawa. Nimepima vitanda vya arusi zao. Kama mkono huu ni mwongo, basi nimewadanganya hata wafu."

Usiku huo sikusinzia, na asubuhi, kabla ya shule, nilifanya jambo ambalo mtu mwenye cheti angelifanya mwezi Machi. Niliichukua ile kamba ya katani iliyoning'inia ukutani na mafundo yake tisa, nikaenda dukani, nikailaza juu ya fimbo ya chuma ya Januari. Januari alisimama karibu, akisaidia kwa kulalamika.

Toka fundo hadi fundo: mita mbili na sentimita tatu. Fundo la pili vilevile. La tatu vilevile. Yote tisa vilevile, hakuna lililopungua unene wa ukucha. Kamba nzima ilikuwa mita 18 na sentimita 27.

Pima ya kitabu changu ilikuwa ya mtu wa kawaida, ambaye sikuwahi kukutana naye na ambaye hakuchimba kisima chetu. Nilikuwa nimemkatia Mzee Telesphori karibu shibiri moja kwa kila pima, mara tisa, kwa wino wa bluu, nikapiga na mstari.

Nilimkuta uani, nikamweleza yote nikiwa nimesimama kama mwanafunzi aliyechelewa. Hakukasirika. Aliitazama kamba.

"Uliniuliza ni pima ngapi," alisema. "Hukuniuliza ni pima za nani."

Tulikwenda wote kisimani. Tulifunga jiwe mwisho wa kamba, tukaishusha kwenye kitundu cha ukaguzi hadi ikalegea. Ilipotoka, ilikuwa imelowa nusu pima na shibiri mbili toka chini. Maji yalikuwepo! Mita moja na nusu ya maji safi, chini ya bomba lililoning'inia juu yake kama mtu mwenye kiu aliyefungwa mikono.

Nilikimbia kwa Mageni. Nilimweleza kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa, nikitumia mchoro. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, fomu ilipigwa muhuri?"

"Ilipigwa."

"Na nani?"

"Na wewe."

"Sasa kitu kilichopigwa muhuri kinakoseaje?"

Nilikunja mchoro wangu nikaondoka. Lakini kwenye mkutano uliofuata nilisimama mbele ya kijiji kizima nikasema kosa ni langu na la kitabu changu. Nilitegemea mshangao. Wanawake walinitazama kwa huruma, na Zipora akasema, "Mwalimu ana moyo mzuri. Anamsitiri mwenye nyumba yake." Hapo ndipo nilipojifunza kwamba ukweli nao ulikuwa ukihitaji muhuri.

Mzee Telesphori akainuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akizungumza mkutanoni.

"Ndugu zangu, maneno hayana kina. Leteni bomba moja. Mimi nitalipima hapa, mbele yenu: pima moja kasoro shibiri, ili lisinyonye matope. Likiungwa na maji yasipotoka, mkono huu hautapima tena kitu chochote, hata kamba ya mbuzi, na ekari mzipime kwa hatua za Mageni. Yakitoka, msinisemeshe tena habari ya muhogo."

Wote wakakubali, hata Mageni. Alikubali haraka kidogo, kwa kuwa alizifahamu ofisi.

Tuliandika barua kuomba bomba la mita mbili. Baada ya majuma matatu lilikuja jibu kwamba bohari lina mabomba ya futi kumi pekee, na kwamba tafadhali tueleze mahitaji yetu kwa futi, nakala tatu. Niliandika: futi sita na nusu. Likaja jibu kwamba fomu ya sasa haipokei futi, kwa kuwa nchi imekwisha kuingia katika mita. Niliandika barua ya tatu, na hii nilimsomea Mzee Telesphori kabla ya kuituma. Ilisema: tuleteeni bomba moja, lenye urefu wowote mlionao, tutakata wenyewe.

"Hiyo sasa," alisema, "ni hisabati."

Siku zile za kungoja alibadilika. Alikula kidogo. Asubuhi alisimama uani akitandaza mikono juu ya ile kamba, fundo hadi fundo, kuhakikisha. Mama Paskazia alimkuta akifanya hivyo mara tatu kwa siku moja.

"Baba Clemens, unadhani umepungua toka chai ya asubuhi?"

"Mtu husinyaa," alisema. "Si wamesema?"

"Walisema wenye kiu. Njoo ule."

Mwishoni mwa Septemba, Otmar fundi alituma salamu kwa dereva wa lori la pamba: bomba limepatikana, la futi kumi, naye mwenyewe atakuja nalo Jumamosi pamoja na msumeno wa chuma.

Jumamosi hiyo hakuna aliyekwenda shambani. Wanawake walipanga ndoo kwenye mstari toka kwenye zege la mgeni wa heshima hadi karibu na shule. Januari alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata Pasaka, akaja na fimbo yake ya chuma aliyoing'oa mezani na misumari yote sita, ili, alivyosema, kuwe na shahidi asiye na ukoo na mtu. Mageni alikaa kwenye kiti peke yake, kalamu tatu mfukoni na muhuri mkononi. Mimi nilikuja bila kitabu.

Mzee Telesphori alivaa shati la misa. Alisimama kando ya barabara tangu asubuhi, akikataa kiti, akikataa kivuli. Saa tano ilipita. Saa sita ikapita. Watu wakaanza kutazamana, na Mageni akaanza kutabasamu kwa upande mmoja.

Ndipo Zipora, mwenye macho makali kuliko wote, akainuka juu ya ndoo yake.

"Vumbi!" alisema. "Lile kule, upande wa Ushirombo. Ni lori au ni ng'ombe?"

"Ng'ombe hawapigi honi," alisema Mama Paskazia.

Tukatega masikio wote. Honi ililia tena, mbali, nyuma ya miti.

"Liko sigara moja," alisema Januari, akiishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Nusu," alisema Mzee Telesphori. Akashuka katikati ya barabara, akavuta mikono ya shati juu ingawa hapakuwa na cha kuvuta, akaanza kuitandaza mikono yake polepole.